Daftari la Anko Reggie

Mama yangu alilichoma daftari la ligi yetu ya besiboli Jumapili moja asubuhi kabla ya ibada, na mimi ndiye niliyemkabidhi. Alichana kurasa mbili mbili akazitia kwenye mbabula, lile jiko la makaa lililokaa uani nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue, na juu yake akateleka sufuria ya maji ya kuoga. Msimu mzima uliungua pale: kila mpira uliopigwa, kila mtoto aliyetolewa, kila aliyekimbia akafika. Jina langu liliungua mara kumi na moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilipoona kurasa zinajikunja nilijiona shujaa.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu bila kulisimulia. Kilichonirudisha kwake ni harufu. Mwezi uliopita nilikuwa katikati ya jiji, karibu na stendi ya teksi, nikampita fundi viatu anayepaka mafuta ngozi kavu ya buti la mtu. Nikasimama. Ile ndiyo ilikuwa harufu ya glavu yangu, glavu nene iliyotumiwa na watoto wengine kabla yangu, niliyokuwa nikilala nayo chini ya mto. Fundi akaniuliza kwa Kizulu kama nina kiatu cha kushona. Nikamwambia sina. Nikaenda zangu, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikipanga upya yote niliyoyaona, moja baada ya jingine, nikijaribu kutenganisha nilichokiona kwa macho na nilichokidhani.

Nianze na uwanja. Ulikuwa mtaa wa Malvern, nyuma ya shule, umezungushiwa waya uliolegea upande wa barabara. Siku za wiki ulikuwa kiwanja cha mbwa na njia ya mkato. Jumamosi ulibadilika. Familia za zamani za mtaa ule, ambazo babu zao walicheza besiboli, zilikuja na viti vya kukunja na masanduku ya barafu, zikipiga kelele kwa Kiafrikana. Bibi wawili wa Kizulu waliuza magwinya, maandazi yao ya kukaanga, ya moto. Bi Mwanaidi, mama wa Kitanga aliyepanga chumba cha jirani nasi, aliuza chapati na chai ya maziwa, na kufikia saa nne chapati zake zilikuwa mikononi mwa watu ambao siku nyingine wasingemwitikia salamu. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alikaa na futi ya kupimia shingoni, kwa sababu akina mama wa makanisa yote walijua kwamba Jumamosi anapatikana pale. Alipima mabega na viuno huku mechi ikiendelea.

Kulikuwa na zamu ya kufua jezi. Kila wiki mama mmoja alichukua jezi zote kumi na nne za timu, akazifua, akazianika. Ukipita Bellevue ukaona jezi za kijani kwenye kamba, ulijua zamu ni ya nani, na ulijua pia kwamba nyumba ile ina mtoto wa besiboli. Mwanzoni jambo hilo lilimpendeza Mama. Baadaye, kama nitakavyoeleza, halikumpendeza tena.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mrushaji hutupa mpira, mpigaji wa timu nyingine hujaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka mpira ukipita. Mpigaji akipiga vizuri hukimbia kupitia vituo vitatu, na akirudi pale alipoanzia timu yake hupata pointi. Mdakaji nilikuwa mimi. Kocha Sizwe alikuja shuleni kwetu akatutupia mpira mmoja mmoja. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi niliudaka kwa mikono mitupu, kwa kuwa sikujua kwamba unauma.

"Sharp," alisema Kocha. "Huyu ana wazimu unaotakiwa."

Mrushaji wetu alikuwa Idi, mtoto wa Bi Mwanaidi. Kabla ya kila mpira nilimpa ishara kwa vidole, nimevificha katikati ya mapaja ili mpigaji asione: kimoja, mpira wa kasi, viwili, wa kupinda. Tulibadilisha ishara kila mechi. Nalitaja hilo kwa sababu linaeleza akili yangu ya wakati ule. Mtoto anayeshinda Jumamosi nzima akituma ujumbe wa siri mbele ya watu mia, huona ni jambo la kawaida kabisa kwamba na wengine wanatuma wa kwao.

Nyuma yangu, upande wa pili wa waya, alikaa Anko Reggie.

Alikuwa mwandishi wa mechi. Mzee mwembamba wa mtaa uleule, miwani imefungwa plasta kwenye sikio, daftari kubwa la jalada gumu magotini. Hakushangilia hata mara moja. Mpira ukipigwa, watu wote waliinua vichwa kuufuata; yeye aliinamisha chake akaandika. Kwa kuwa mdakaji hutazama mbele, mimi ndiye niliyempa mgongo muda wote. Nilisikia penseli. Nilisikia akivuta pumzi puani, kisha penseli tena. Siku ya kwanza aliniita kwenye waya.

"Binti, jina lako la ukoo linaandikwaje? Herufi moja moja. Nataka nisilikosee."

Nilimtajia. Akauliza na mtaa ninaoishi. Nikamwambia. Mama, aliyekuwa akimpima mwanamke kifua, aliacha futi ikining'inia.

"Anakuulizaka nini, ule muzee?"

"Jina."

"Jina ya nini? Mupira inatakaka jina?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wazazi wangu walitoka Uvira, na waliishi kwa karatasi za hifadhi ya ukimbizi zilizotakiwa kufanywa upya kila baada ya miezi michache kwenye foleni iliyoanza alfajiri. Kwetu, mtu aliyeandika jina lako alikuwa amechukua kitu. Baba, aliyekuwa mlinzi wa ghala na hakuwa nyumbani siku nyingi, alitufundisha jibu moja la kumpa yeyote anayeuliza tunakaa wapi: "Karibu na kanisa." Makanisa yalikuwa kila kona.

Mwaka ule mambo yaliharibika. Maduka ya wageni kwenye Jules Street yalishusha milango ya chuma saa sita mchana. Jumbe za sauti za WhatsApp zilizunguka kutoka simu moja hadi nyingine, sauti za watu tusiowajua wakisema kwa Kiswahili cha kila namna: msitoke, msiongee kwa sauti barabarani, kuna watu wanaandika majina ya wageni nyumba kwa nyumba. Mama alizisikiliza akishona, simu juu ya meza ya cherehani, akirudia ile ya majina. Zamu yetu ya kufua ilipofika, alianika jezi ndani, juu ya kitanda na kwenye mlango wa kabati. Chumba kizima kilinuka sabuni na unyevu.

Lakini hakunikataza kucheza, na hilo niliweke wazi. Tulikuwa tunashinda. Ligi ilibakiza wiki chache, na timu nne za juu zingeingia mtoano kwenye uwanja mkubwa, wenye majukwaa ya kweli na vyumba vya kubadilishia nguo. Kutoka kwenye mtoano ndiko walikochaguliwa watoto wa timu ya jimbo. Kocha alishamwambia Mama, kwa ishara na Kizulu chepesi, kwamba mdakaji wake ni mimi na kwamba waangalizi wa jimbo wanamtafuta mdakaji. Mama alikwisha kunishonea pedi za magoti upya, kwa kitambaa cha suti. Nilitaka mtoano ule kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukitaka. Yeye pia. Ndiyo maana alinipa kazi badala ya kunifungia ndani.

"We njo macho yangu kule," aliniambia, yaani mimi ndiye macho yake. "Angalia anaandikaka nini."

Nilifurahi kupewa kazi hiyo, na niliifanya vizuri. Jumamosi iliyofuata, baada ya mechi, Anko Reggie alienda kununua chai kwa Bi Mwanaidi na kuliacha daftari kwenye kiti. Nilijifanya natafuta kofia, nikafunua ukurasa wa wiki iliyotangulia. Niliona majina yetu kumi na manne upande wa kushoto, kwa mwandiko safi ajabu. Mbele ya kila jina palikuwa na mstari wa visanduku, na ndani ya kila kisanduku umbo la mraba uliosimama kwa pembe, mistari, namba ndogo. Na kando ya baadhi ya majina palikuwa na nukta nyekundu. Nilizihesabu. Nane. Mimi, Idi, mapacha wa Kirundi, na Wakongo wengine wanne. Watoto wa pale pale hawakuwa na nukta hata moja.

Nilihesabu tena kabla hajageuka.

Jioni ile Bi Mwanaidi alikuwa kwetu, amekuja kuazima chujio na kubaki, kama kawaida yake.

"Nane," nilisema.

"Ulihesabu muzuri?" Mama aliuliza.

"Mara mbili."

"Na mwanangu yumo?" Bi Mwanaidi aliuliza.

"Idi yumo."

"Jamani, Idi kazaliwa hapahapa! Kiswahili chenyewe nikimsemesha ananijibu Kizulu. Wamemjuaje?" Aliweka chujio chini. "Mama Fiston, labda ni mambo ya mchezo. Yule mzee hata chai ananywa na sukari sita, mtu wa namna hiyo ana ubaya gani?"

Mama aliitwa Mama Fiston kwa jina la kaka yangu mkubwa, aliyebaki Uvira kwa bibi.

"Sukari sita njo ubaya wa kwanza," Mama alisema, na Bi Mwanaidi akacheka kidogo, kisha wote wawili wakaitazama simu.

Jumanne ikaja barua kutoka ofisi ya ligi. Kila mchezaji wa mtoano alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, kuthibitisha umri. Kocha aliisoma mbele yetu mazoezini, akajikuna kichwa. "Eish," alisema. Aliwatazama mapacha, akanitazama mimi. "Sikilizeni. Asiye na cheti asihangaike. Anko Reggie atamalizana na ofisi. Majina yenu yote anayo kwenye daftari lake."

Nilibeba maneno yale mpaka nyumbani, nikiyarudia njiani ili yasipotee hata moja. Nilijivunia kwamba siongezi wala sipunguzi. Nikayatua mbele ya Mama kama nilivyoyachukua: atamalizana na ofisi, majina yote anayo. Kila neno lilikuwa la kweli. Mama alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Ofisi gani?"

Hilo sikuwa nimeliuliza.

"Leta nione ile daftari kwa macho yangu," alisema. "Nitairudisha."

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtoano mvua ya mawe ilitukuta katikati ya mechi. Watu wote walikimbilia chini ya bati la stoo, wakisukumana, wakicheka, sufuria ya magwinya juu ya kichwa cha bibi mmoja. Anko Reggie alilifunga daftari ndani ya koti lake, kisha akalisukumia kwenye mfuko mkubwa wa vifaa lisilowe. Mfuko ule ulikuwa pia na kinga yangu ya kifua, ambayo nilikuwa nakwenda nayo nyumbani kwa sababu mkanda wake umekatika na Mama ndiye mshonaji. Nilivitoa vyote viwili pamoja, kimoja ndani ya kingine. Hakuna aliyeniangalia. Nilitembea mpaka nyumbani kifua kimevimba kwa kadibodi na karatasi, na mawe yaliyosalia yakipasuka chini ya viatu.

Kusema kweli, Mama alikusudia kutazama tu. Alilifungua juu ya meza ya cherehani Jumapili asubuhi, akalisoma kama anavyosoma karatasi za kukatia nguo, kwa kidole. Yeye hujua kusoma michoro. Mchoro wa bega hausemi neno, na bado anauelewa. Kila ukurasa ulikuwa na majina yetu. Kila ukurasa, isipokuwa ule wa siku ya mvua, ulikuwa na nukta nane. Kidole kikahamia kwenye visanduku.

"Ona," alisema taratibu. "Hizi ni nyumba."

Nikaona. Kila mraba uliosimama kwa pembe ulikuwa nyumba.

"Ii mustari njo njia ya kufika. Hapa bametoka, hapa bamepinda, hapa bamepinda tena."

Nikaona na njia.

"Na hizi zenye kujazwa nyeusi?" niliuliza.

Kidole chake kilizigusa moja moja. Mbele ya jina langu palikuwa na nyumba nne zilizopakwa penseli nyeusi zote.

"Kwa zile balishafika," alisema.

Alinyanyuka akalipeleka daftari uani. Mengine nimeshayasema.

Leo naweza kuusoma ukurasa wa namna ile bila shida. Ule mraba ni uwanja wenyewe, mstari ni njia ya mkimbiaji kupita vituo, na ukijazwa mweusi maana yake mtoto alizunguka akarudi salama, pointi imepatikana. Zile nyumba nne nyeusi zilikuwa mara nne ambazo watu walisimama kunishangilia. Lakini asubuhi ile tulikuwa watu wawili wenye akili timamu, mmoja fundi, mmoja mwangalifu, na tuliuelewa mchoro vizuri kwa namna yetu.

Siku ya mtoano tulipanda basi dogo la kukodi mpaka uwanja mkubwa. Majukwaa yalikuwa ya kweli. Mama alikuja na futi shingoni, kwa mazoea. Bi Mwanaidi alikuja na ndoo mbili za chapati. Afisa wa ligi, mwanamume mwenye fulana iliyopigwa pasi, alikaa kwenye meza na kuita vyeti. Watoto sita walikuwa navyo. Kisha akanyoosha mkono kwa Anko Reggie.

"Daftari."

Anko Reggie alikuwa amekonda kwa wiki ile moja. Alisema limepotea tangu siku ya mvua ya mawe, amelitafuta stoo, kwenye gari, kila mahali. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, kinga ya kifua imeshafungwa. Kanuni ilikuwa hivi: mtoto asiye na cheti aliruhusiwa kama mwandishi ataonyesha kwamba amecheza msimu mzima, mechi kwa mechi, kwenye daftari lililogongwa muhuri wa ofisi. Kocha alikuwa ametuambia ukweli mtupu. Anko Reggie angemalizana na ofisi, kwa niaba yetu.

"Nawajua kwa kichwa," Anko Reggie alimwambia afisa. "Huyu binti amedaka mechi kumi na moja. Ile ya tatu alidaka na kidole kilichoteguka. Yule mrushaji alitoa watu tisa dhidi ya timu ya Jeppe. Mapacha hawa, wa kushoto ndiye hupiga..."

"Nahitaji karatasi," afisa alisema.

"Niulize mechi yoyote. Yoyote."

"Mzee, karatasi."

Watoto sita hawafanyi timu. Wapinzani walipewa ushindi bila mpira kurushwa, wakashangilia kidogo kwa aibu, wakaenda kupasha misuli kwa mechi iliyofuata. Idi alikaa chini pale pale, akavua kofia na kuitia mdomoni. Bi Mwanaidi alikuwa na cheti cha Idi kabatini siku zote; alikuwa ameapa kwamba karatasi ya mwanawe haitoki nje ya nyumba mwaka kama ule.

Mama alinivuta mkono. Kiingereza hakukijua.

"Anasema nini ule muzee?"

Nilimtafsiria yote. Mechi kumi na moja, kidole, mapacha. Alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akavua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni, akatembea mpaka alipo Anko Reggie. Nilimfuata kwa sababu asingeweza kusema naye bila mimi.

"Mwambie ni miye."

"Mama, hapana. Ataita polisi."

"Mwambie."

Nilimwambia. Nilitafsiri kosa la mama yangu kwa sauti ndogo, nikitazama kamba za viatu vya mzee yule. Polisi maana yake karatasi, na karatasi zetu zilikuwa zimebakiza wiki mbili.

"Kurasa zote?" aliuliza.

"Zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya nukta."

"Nukta gani?"

"Nyekundu. Kwenye majina yetu. Nane."

Alitoa penseli mfukoni mwa shati. Ilikuwa nyeusi. Akaitazama kana kwamba ndiyo ingejibu. Halafu akageuza kichwa polepole kuelekea maegesho, ambako afisa alikuwa akipakia makaratasi nyuma ya gari, akabaki anatazama huko mpaka gari likafungwa.

"Nendeni nyumbani," alisema mwishowe. "Mwambie mama yako hajui lolote kuhusu daftari. Limepotea kwenye mvua. Mimi ndiye niliyelipoteza. Umenisikia?"

Nilitafsiri. Mama alimtazama usoni kwa muda, akasema aksanti, tukaondoka. Kwenye basi aliongea mara moja tu.

"Mutu mwenye hana kosa angekasirika."

Niliona ana haki. Nilikuwa nimeona vilevile mzee alivyosita, alivyogeuza macho, alivyotuharakisha. Mtu asiye na la kuficha hawezi kuchomewa kazi ya msimu mzima akajibu "nendeni nyumbani." Sikucheza tena. Kocha Sizwe alikuja Bellevue mara mbili kuniulizia, na mara zote mbili Mama alimkaribisha chai, akamshukuru, akakataa. Nilimsikiliza nikiwa nyuma ya pazia, na nilikubaliana na Mama. Hayo ndiyo ninayojilaumu nayo zaidi ya daftari: nilikuwa na ushahidi wote wa mtu mwema mbele yangu, nikaupanga vizuri, nikapata jibu baya.

Baada ya siku ile ya fundi viatu nilimtafuta Anko Reggie. Bado anakaa mtaa uleule wa Malvern, nyumba yenye waridi zilizokatwa fupi. Macho yamepungua nguvu. Alinitambua kwa sauti, au alisema hivyo. Alinipa chai, akajitilia sukari sita, na nikamuuliza kuhusu zile nukta.

Alieleza kwa utaratibu, kama aliyesubiri kuulizwa. Daftari lilikwenda ofisi ya ligi kila Jumatatu kugongwa muhuri, likarudi kwake kila Ijumaa. Msimu tuliouchoma hakuwa ameona nukta. Alikuwa akifungua ukurasa mpya na kuandika, hakurudi nyuma, na macho yake yalishaanza kumsumbua kwenye rangi. Msimu uliofuata alinunua daftari jipya na Ijumaa ya kwanza alilipeleka dirishani, penye mwanga. Zilikuwepo. Penseli nyekundu, ndogo, kando ya Idi, mapacha, na wengine wanne. Akazifuta kwa kifutio. Ijumaa iliyofuata zilikuwa zimerudi. Akafuta tena. Aliuliza ofisini mara moja; wawili waliokuwa pale walisema hawajui anaongelea nini. Alifuta msimu mzima, kila Ijumaa, bila kumwambia Kocha wala mzazi yeyote. Alisema wazazi wangewatoa watoto wote, na yeye hakuwa na jina la kuwapa.

"Kwa nini hukutuambia siku ile uwanjani?"

"Ningewaambia nini? Nilikuwa sijui. Bado sijui."

Lile daftari la pili analo. Alinipa nilishike. Upande wa majina karatasi imekwanguka mpaka inakaribia kutoboka, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa ule wa mechi ya mwisho, ambao ulirudi ligi ikiwa imekwisha na hakuona haja ya kuufuta. Niliupeleka dirishani. Nukta saba zilikuwa mahali pake. Namba mbili ilikuwa namba yangu ya jezi, na alikuwa ameiandika kila wiki akaacha mstari mtupu mbele yake, endapo ningerudi. Jina halikuwepo. Nukta ya nane ilikuwepo, kando ya namba ile.